Kabla hujapiga Windows upya, isome kwanza ile skrini

(Haya ni maneno niliyoongea kwenye kikao chetu cha mafundi kompyuta na simu, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, maana wengi walikaa nyuma na spika za ukumbi zilikuwa zinakoroma)

Wazee wangu shikamooni. Wadogo zangu mambo vipi. Dada zetu wa stationery na wa kuprinti nawaona pale mbele, karibuni sana. Ndugu mwenyekiti ahsante kwa nafasi, japo hii maiki yako inakoroma na mimi ndo nimeitwa niongelee sauti, haya tutaenda nayo hivohivo.

Mwenyekiti aliponipigia alitaka niongelee matatizo ya kompyuta kwa ujumla. Nikamwambia mzee hapana, niache na tatizo moja tu, lile lililonila hela na kunivua nguo mbele ya mteja, laptopu inayozima na skrini ya bluu kwa sababu ya draiva ya sauti, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha Windows kuongea na chipu ya sauti. Akacheka, akasema draiva ya sauti si inafanya sauti isitoke tu, inazimaje mashine nzima? Nikajua hapohapo mada nimepata, maana kama mwenyekiti wetu na miaka yake yote kwenye kazi hii anauliza hivo basi humu ndani tuko wengi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili nisionekane nimekuja kuwafundisha nikiwa juu ya mti. Kuna mama mmoja, mhasibu, aliniletea laptopu inayozima kila akiingia kikao cha mtandaoni. Sio kila saa, ni akishaingia kikao tu, au akichomeka hedifoni, inaganda sekunde moja, sauti inabaki inalia drrrrrr kama king'ora kibovu, halafu bluu, halafu inajirestati. Mi nikaiangalia kwa macho ya kifundi yale tunayoyajua, nikasema mama hii Windows imeoza, tunapiga upya, yaani tunaifuta na kuiweka mpya. Nikapiga. Nikachukua 25,000 yangu, nikachomeka fleshi yangu yenye draiva zote za dunia, ile kila fundi humu anayo, ikajaza draiva zote, sauti safi, picha safi, mama akaenda.

Siku ya tatu karudi. Nikapiga tena, safari hii bure. Baada ya wiki karudi. Nikabadilisha RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, kwa hela yangu. Akarudi. Mara ya nne nilikuwa nimeshashika fleshi ya Windows mkononi, dogo niliyekuwa namfundisha kazi, hana hata miezi miwili dukani, akaniuliza kwa adabu kabisa, "bosi, kwani ile skrini huwa imeandika nini?"

Jamani. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Miaka nafanya kazi, naona bluu najua ni bluu, basi. Tukachomeka hedifoni makusudi, dogo kashika simu kaweka video, ikazima, tukarudisha video taratibu. Chini kabisa ya ile skrini palikuwa na mstari umeandikwa What failed halafu jina la faili linaloishia na .sys. Tukaligoogle, ni draiva ya sauti. Na ile draiva imetoka wapi? Imetoka kwenye fleshi yangu mimi. Ilikuwa ya zamani, imetengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine kabisa, na mimi kila nikipiga Windows upya nairudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Yaani nilikuwa namtibu mgonjwa kwa sumu ileile iliyomuuguza, na namtoza.

Sasa turudi kwenye swali la mwenyekiti, draiva ya sauti inazimaje mashine nzima.

Programu za kawaida, Word, browser, muziki, zinakaa sebuleni. Zikianguka zinaanguka peke yake, unafunga unafungua. Lakini draiva nyingi haziishi sebuleni, zinaishi kwenye keneli, moyo wenyewe wa Windows, na huko hakuna ukuta kati ya mmoja na mwingine. Draiva ikigusa kumbukumbu ambayo haikutakiwa kuigusa, Windows haiwezi kujua tena nini kimeharibika na nini kizima, kwa hiyo inafanya uamuzi mmoja, inajizima yenyewe makusudi kabla haijaandika uchafu kwenye diski ya mtu. Hilo tulielewe vizuri, skrini ya bluu sio mashine kufa, ni mashine kukataa kuendelea. Ni basi ambalo abiria mmoja kaona dereva kasinzia akavuta breki ya mkono. Mtatukana breki?

Na sauti ina jambo lake maalum. Sauti haisubiri. Picha ikichelewa kidogo jicho linasamehe, sauti ikichelewa unasikia kabisa, tak tak tak. Windows kwa kawaida inapeleka sauti kwa vipande vidogo vya kama milisekunde 10, kwa hiyo ile draiva inakatiza wenzake mara nyingi sana kila sekunde, inafanya kazi kwa haraka kwenye ngazi ya juu ambako kuna sheria kali. Sheria moja ni kwamba ukiwa ngazi hiyo huruhusiwi kugusa kumbukumbu ambayo Windows imeshaihamishia kwenye diski, maana hakuna muda wa kwenda kuileta. Draiva iliyoandikwa ovyo ikifanya hivo ndo unaona yale maandishi marefu DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, ambayo namba yake ni 0xD1. Na ndo maana inatokea ukichomeka hedifoni, ukiingia kikao, laptopu ikiamka usingizini, yaani zile dakika ambazo chipu ya sauti inawashwa, inazimwa au inabadilishiwa njia. Ikiwa imetulia tu inapiga muziki unaweza ukasikiliza album nzima na usione kitu, mteja akiondoka dukani unamwambia mbona haina shida. Inayo!

Wazee humu wanaikumbuka XP. Kwenye XP hata ile kazi ya kuchanganya sauti za programu mbalimbali ilikuwa inafanyika ndani ya keneli. Ilipokuja Vista mwaka 2007 Microsoft wakaitoa, wakaiweka nje sebuleni, ndo ile audiodg.exe mnayoiona kwenye Task Manager. Kwa hiyo siku hizi ugonjwa wa sauti uko wa aina mbili na fundi lazima uzitofautishe. Kikiharibika cha sebuleni, sauti inakata au inakwaruza lakini mashine inaendelea kuwaka. Kikiharibika cha keneli, mashine nzima inakwenda. Mfano wa kwanza, Desemba 2024 Microsoft walisimamisha apdeti ya Windows 11 toleo la 24H2 kwa baadhi ya mashine zenye programu ya kuboresha sauti ya Dirac, faili lake linaitwa cridspapo.dll, watu wakiapdeti sauti inapotea kabisa, spika, bluetooth, vyote, ila hakuna bluu. Ni .dll ile, iko sebuleni. Mfano wa pili ni wa Intel, huo ndio nataka tukae nao.

Kuna draiva inaitwa Intel Smart Sound Technology. Haikai kwenye kundi la sauti mnalolijua, ukifungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vyote vya mashine, unaikuta chini kwenye System devices, ndo maana mafundi wengi wanaipita. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 ikaonekana kwamba mashine zenye prosesa za Intel Core kizazi cha 11 na draiva hii toleo 10.29.0.5152 au 10.30.0.5152 zinapiga bluu. Faili ni IntcAudioBus.sys. Microsoft wakazizuia hizo mashine zisipate apdeti mpaka draiva ibadilishwe iwe inaishia na 5714 au zaidi. Sasa hapa kuna mtego mzuri sana, watu waliona wana 10.29 wakakimbilia 10.30 wakidhani ndo mpya, kumbe hapana, kwenye draiva hii upya unaangaliwa kwenye namba ya mwisho tu. 10.29 inayoishia na 5714 ni nzima, 10.30 inayoishia na 5152 ni mbovu. Umeelewa hapo? Na unafikiri yaliisha? Oktoba 2024 imetoka 24H2, mashine zilezile, draiva ileile, matoleo yaleyale mawili, zikazuiwa tena. Miaka mitatu imepita na kuna watu draiva yao haijaguswa, manake sauti inatoka, nani ataigusa.

Na hao Intel sio peke yao. Mei 2020 ilipotoka Windows 10 toleo 2004 (hilo ni jina la toleo, sio mwaka), mashine zenye draiva fulani za zamani za Conexant, watengenezaji wa chipu za sauti, zilikuwa zinapiga bluu wakati wa kuapdeti au baada yake. Hizi nazitaja kwa jina kwa sababu Microsoft wenyewe walizitangaza hadharani, sio umbea wa dukani.

Haya kazi yenyewe sasa. Nitaongea kama vile laptopu iko mezani.

Kitu cha kwanza zuia mashine isijirestati. Nenda kwenye System, Advanced, Startup and Recovery, toa tiki pale kwenye Automatically restart. Skrini itabaki imesimama uisome kwa raha zako upige na picha. Hapohapo chini hakikisha imewekwa iandike Small memory dump, yaani ripoti fupi ya ajali. Kila mashine inapozima inaandika kifaili kidogo kwenye C:\Windows\Minidump, jina lake linaanza na tarehe kwa mtindo wa Wamarekani, mwezi mbele, kwa hiyo 031225 ni tarehe 12 mwezi wa tatu 2025 na sio tarehe 3 Desemba, msije mkachanganya.

Ukikuta folda tupu usiseme hakuna ushahidi. Wengine tunajifanya wajanja, tunazima pagefile, lile faili la diski linaloisaidia RAM, kwenye diski C ili mashine iwe nyepesi, bila pagefile Windows haina pa kuandikia dump. Wengine tunaweka programu za kusafisha takataka na dump zinafagiliwa kama takataka. Mi nilifanya vyote viwili kwa miaka, nikijiona fundi kwelikweli.

Kuzisoma hizo dump, kwa anayeanza kuna kiprogramu kidogo cha bure kinaitwa BlueScreenView, cha NirSoft, hakihitaji hata kuinstoli, unaweka kwenye fleshi. Kinakupa orodha ya siku zote mashine ilizozima na faili linaloshukiwa. Ukitaka kwenda ndani zaidi kuna WinDbg ya Microsoft wenyewe, unafungua dump unaandika !analyze -v unasubiri, ila hiyo inakula bando mara ya kwanza maana inashusha vitu vyake, fanya ukiwa kwenye WiFi ya mtu.

Majina ya kukariri ni machache. RTKVHD64.sys hiyo ni ya Realtek. IntcAudioBus.sys nimeshasema. CHDRT64.sys ni Conexant. Ukiona nvhda64v.sys hiyo ni sauti ya HDMI inayokuja na kadi ya Nvidia, nayo ni draiva ya sauti japo imekuja na draiva ya picha, wengi hatujui. Halafu kuna portcls.sys na ks.sys, hizi ni za Microsoft, na hapa tulia kidogo. Hizi ni kama kondakta wa basi, draiva ya kampuni ndo inaendesha ila kondakta ndo anaonekana mlangoni, kwa hiyo ukiziona usikimbilie kusema Windows mbovu, tafuta nani alikuwa anaendesha nyuma yake. Vivyohivyo ntoskrnl.exe, huyo anasingiziwa kila siku.

Na ushauri wa bure kwa waliochoka kubadilisha RAM kama mimi, angalia dump tatu nne, usiangalie moja. Zote zikitaja faili moja la sauti, umempata. Zikitaja leo sauti, kesho WiFi, keshokutwa picha, kila siku jina jipya, hapo ndo ushuku RAM, washa mdsched au MemTest86, vipimo vya RAM hivyo, ilale usiku kucha.

Sasa mashine isiyowaka kabisa, inafika kwenye logo inapiga bluu. Unaizima kwa nguvu mara mbili tatu ikiwa inajaribu kuwaka, Windows yenyewe itakuletea ukurasa wa kujitengeneza, unaenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, unabonyeza 4. Hiyo ndo sefu modi, Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Kwenye sefu modi draiva za sauti haziwashwi, kwa hiyo mashine ikitulia humo ukakaa nusu saa haijazima, tayari una jibu nusu. Ila kabla hujaanza kuzimazima muulize mteja kama ana BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski, laptopu nyingi za siku hizi na hizi zilizotoka maofisini huko Ulaya zinakuwa nayo, inaweza kukudai funguo ya tarakimu 48 na wewe huna, na mteja hajui hata ni kitu gani. Mara nyingi inakuwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Iulize mapema, usije ukafungiwa nje ya nyumba ya watu.

Ukishaingia fungua Device Manager, kundi la Sound, video and game controllers, rait kiliki kwenye draiva, Properties, kitufe cha Roll Back Driver. Kama tatizo lilianza baada ya apdeti na kitufe kinabonyezeka, kazi umemaliza kwa dakika moja. Kikiwa kimefifia manake hakuna ya nyuma. Hapo unaenda Uninstall device na unaweka tiki kwenye kile kiboksi cha kufuta na draiva yenyewe. Tiki hiyo ndo watu wanaisahau. Bila tiki unatoa draiva barazani lakini mzigo wake uko stoo, ukirestati Windows inaingia stoo inaitoa ileile inaivalisha tena, na wewe unashangaa mbona nimefuta.

Na hata ukiweka tiki, stoo inaweza kuwa na nyingine. Kwenye laptopu ya yule mama nilikuta tatu! Moja ya fleshi yangu ya kwanza, moja ya fleshi ya pili niliyoazima kwa jirani, na moja aliyoileta Windows Update. Fungua CMD, lile dirisha la kuandika amri, kama admini, andika pnputil /enum-drivers, utapata orodha, tafuta zile za sauti, kila moja ina jina kama oem14.inf, kisha unaifuta kwa pnputil /delete-driver oem14.inf /uninstall. Namba sio lazima iwe 14, jamani, soma ya kwako, kuna mtu nilimwelekeza kwa simu akafuta 14 yake ikawa ni ya WiFi.

Baada ya hapo Restart. Nasema Restart, sio kuzima na kuwasha. Tangu Windows 8 kuna kitu cha Fast Startup, ukizima kawaida ile keneli haizimwi kabisa, inalazwa kwenye diski na kuamshwa kesho ikiwa na mambo yake ya jana. Restart ndo inaanza upya kweli. Kinyume na tulivyozoea kuwaambia wateja zima washa, zima washa.

Ikirudi, Windows mara nyingi inavaa draiva yake ya jumla, inaitwa High Definition Audio Device. Sauti yake sio tamu, besi inapungua, laptopu nyingine maiki inakuwa chini, na baadhi ya laptopu mpya spika hazilii kabisa bila draiva ya kwake. Lakini imetulia. Iache siku mbili mteja aitumie. Ikikaa siku mbili bila bluu umeshathibitisha mwizi ni nani, na mteja mwingine anakwambia mi sihitaji besi, mi nataka kufunga mahesabu tu, mwachie hivohivo.

Anayetaka sauti yake kamili ndo unatafuta draiva sahihi, na draiva sahihi haitoki kwenye fleshi ya draiva zote za dunia, inatoka kwa aliyetengeneza laptopu, kwa modeli yake. Sio hata kwa aliyetengeneza chipu. Kwa nini? Nenda Device Manager, Properties, Details, chagua Hardware Ids, utaona kitu kama HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0256&SUBSYS halafu tarakimu nane. VEN_10EC ni Realtek, 0256 ni chipu yenyewe, ALC256. Lakini ile SUBSYS ndo inasema imefungwa kwenye laptopu ya nani, ikianza na 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo. Chipu moja, lakini kila kampuni imeunganisha waya zake inavyotaka, spika pini hii, hedifoni pini ile. Draiva ya mwenzio inaweza ikawaka na ikatoa sauti kabisa, halafu siku unachomeka hedifoni inaenda kugonga mlango ambao haupo. Ndo kilichompata mama yangu yule.

Halafu Windows Update. Unamaliza kazi, mteja anaenda nyumbani, usiku apdeti inaleta draiva ileile mbovu. Na usidhani apdeti haikosei, Oktoba 2018 Microsoft wenyewe walikiri kwamba draiva ya sauti ya Intel ilisukumwa kimakosa kwenye mashine zisizostahili, watu wakaamka hawana sauti. Kwa hiyo andika kwenye sehemu ya kutafuta Change device installation settings, chagua No, usikilizie wiki mbili tatu. Usizime apdeti zote daima jamani, nawajua, mnazima za usalama pia halafu virusi vikiingia mnasema ni fleshi za wateja.

Kuna mmoja hapa kanyoosha mkono, mdogo wangu subiri kidogo nitafika.

Hawa madj na watu wa makanisa wanaorusha ibada mtandaoni, mashine zao ni kesi ya peke yake. Unafungua Device Manager unakuta draiva ya spika, ya HDMI, ya bluetooth, ya mikisa ya USB, ya kontrola, na kebo mbili za kufikirika za kuhamisha sauti kutoka programu moja kwenda nyingine. Draiva za sauti saba kwenye laptopu moja! Halafu katikati ya harusi, bibi harusi anaingia, bluu. Ushauri wangu kwao, disable zote zisizotumika usiku huo, na draiva ikishakubali usiiapdeti wiki ya shughuli. Anayeapdeti Ijumaa kwa harusi ya Jumamosi, mi simpi pole.

Na hii ya Windows 10 kuisha. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, sasa kila mtu analeta laptopu yake ya zamani, hizi zilizotumika zinazokuja na makontena, anataka 11 kwa njia za panya. Inaingia, ndio inaingia. Lakini draiva yake ya sauti ya mwisho iliandikwa kwa ajili ya Windows 7 au 8, kampuni haitaandika nyingine. Mi siku hizi mashine hizo naziachia draiva ya jumla ya Microsoft tangu mwanzo, wala sigusi nyingine, na namwambia mteja kabisa kabla hajatoa hela.

Na jambo la mwisho kabla ya swali la dogo. Skrini ya bluu yenyewe inapotea rangi. Mwaka 2025 Microsoft walianza kuifanya nyeusi kwenye Windows 11. Ile sura ya kununa imeondolewa na QR imeondolewa pia, ambayo kusema kweli ilikuwa inakupeleka kwenye ukurasa wa jumla tu. Lakini kodi na jina la faili vipo bado. Kwa hiyo mteja akija akisema fundi kuna nyeusi, usimwambie kioo kimekufa ukamuuzia kioo.

Haya dogo uliza. Anauliza bei tutoze nini, kama hatupigi Windows upya mteja ataona hatujafanya kazi. Swali zuri sana na nimelipigia hesabu kwa muda mrefu. Mi natoza kupima. Mteja akifika namwambia kuangalia ni 10,000, nitakuonyesha jina la faili kwa macho yako, na kurekebisha ni bei nyingine. Namfungulia BlueScreenView anaona mwenyewe tarehe na saa mashine ilizozima, anaanza kusema ehee siku hiyo nilikuwa kwenye kikao, kweli kabisa. Hapo habishani tena. Wanabisha ukiichukua laptopu ndani nyuma ya pazia ukarudi unasema tayari.

Yule mama nilimrudishia 25,000 yake, akakataa kuipokea, akasema niweke kwenye hesabu ya hedifoni mpya maana zile nilishazichomeka na kuchomoa mpaka pini ikalegea.

Sasa najua kuna watatu wamekuja na mashine zinazozima, mwenyekiti aliniambia. Zileteni hapa mbele, extension iko chini ya meza hiyo, na atakayeanza awe yule ambaye ya kwake inazima kila siku, tusije tukakaa tunaisubiri mpaka jioni.